Kitambulisho, hati ya muda au pasipoti: uvuke mpaka na ipi?

Kila Novemba simu yangu hujaa swali moja. Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Donholm, na kwa kuwa ndiye ninayeshika bahasha ya karatasi za watu tunaposafiri, wenzangu wananichukulia kama mtu anayeijua mipaka yote. Wanauliza: Kampala si kitambulisho kinatosha? Na Arusha je? Ama nianze mbio za pasipoti sasa hivi kabla Krismasi haijafika?

Siwezi kuwajibu wote jibu moja, kwa sababu hawaendi mahali pamoja na hawasafiri na watu wale wale. Hapa nazilinganisha hati tatu ambazo Mkenya anayeishi Nairobi anaweza kutembelea nazo nchi jirani: kitambulisho cha taifa, hati ya muda ya kusafiria (wengi tunaiita temporari), na pasipoti.

Naandika hivi kwa sababu tuliwahi kumwacha mwenzetu Namanga, na sijasahau. Wakala aliyetuuzia tikiti za basi alituhakikishia kwamba siku hizi Afrika Mashariki ni moja, kitambulisho kinavuka kote. Mama Kevo akaamini. Tulifika mpakani bado giza, baridi imepenya hadi kwenye leso, tukapanga foleni. Ofisa wa dirisha la kwanza alikigeuza kitambulisho chake mara mbili, akamwangalia, akasema kwa upole, "Mama, hiki kinavuka Busia. Hapa hakivuki." Akamuuliza kama ana pasipoti au temporari. Hakuwa nayo. Ilikuwa Jumapili alfajiri, na dereva hangengoja ofisi zifunguliwe. Mama Kevo alinikabidhi hotpoti ya chapati alizotupikia sote, akageuka kutafuta matatu ya kurudi Kitengela. Chapati zile tulizila kimya hadi Longido.

Kwa hivyo kila hati nitaipima kwa mambo yale yale matano: inafika wapi, inataka nini kuipata, inakuwaje dirishani, watoto wako wanaingiaje, na ikipotea ugenini inakuacha wapi. Mawili ya mwisho ndiyo watu husahau, na kwa maoni yangu ndiyo mazito zaidi.

Kitambulisho cha taifa

Inakofika. Tangu Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao watembeleane kwa vitambulisho vya taifa. Hiyo ndiyo asili ya ule usemi kwamba "kitambulisho kinavuka". Kwa Mkenya, ni kweli kwa Uganda na Rwanda tu. Unaweza kupanda basi la usiku hapa mjini, ukavuka Malaba au Busia, ukalala Kampala, ukaendelea hadi Kigali kupitia Katuna, na kadi ile ile ya mfukoni ikakufikisha. Tanzania haimo katika mpango huo, wala Burundi. Sudan Kusini, Kongo na Somalia zimejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki miaka ya karibuni, lakini kuwa mwanachama wa Jumuiya ni jambo moja na kupokea kadi ya mwenzako ni jingine.

Kosa ninaloliona zaidi ni la wale wanaopenda kuzunguka Ziwa Victoria. Wanaanza vizuri: Busia, Kampala, Masaka. Halafu mtu anasema, kwa nini tusiteremke Bukoba, tupande hadi Mwanza, turudi nyumbani kupitia Sirari? Ni safari nzuri sana. Lakini ukifika Mutukula na kitambulisho pekee, mzunguko umeishia hapo. Unarudi ulikotoka, kilomita zote zile.

Kuipata. Wengi wetu tunacho tayari, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: hakuna ada mpya, hakuna foleni. Angalia tu kwamba maandishi yanasomeka na picha haijafutika. Ile karatasi unayopewa ukisubiri kitambulisho usiitegemee kuvuka nayo. Picha ya kitambulisho kwenye simu, vilevile.

Wazee wetu bado wanakiita kipande, na neno hilo lina historia nzito. Sheria ya kikoloni ya 1915 iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba cheti cha kujiandikisha, na ilipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilitengenezwa ili mtu asitoke alipo bila ruhusa ya mwajiri. Kila ninapoona kijana akikinyoosha kitambulisho dirishani Busia na kuitwa "karibu Uganda", nawakumbuka wazee hao.

Dirishani. Kitambulisho hakina ukurasa wa kugongwa muhuri, kwa hivyo kwa kawaida unapewa karatasi ya kuingilia. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba uliingia kihalali. Ikunje vizuri, iweke pamoja na kadi, usiitumie kufungia njugu. Wakati wa kurudi itaulizwa.

Watoto. Hapa kitambulisho hakikusaidii hata kidogo, maana hakitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Familia inayosema "tutaenda Kampala kwa vitambulisho" inawazungumzia baba na mama. Watoto watahitaji hati nyingine, hati ya muda au pasipoti, na cheti cha kuzaliwa juu yake.

Ikipotea. Fikiria siku moja ya kawaida Nairobi. Unaingia jengo mjini, mlinzi anataka kitambulisho. Unaenda benki, kitambulisho. Laini ya simu imeharibika, huwezi kuibadilisha bila kitambulisho. Sasa kadi hiyo hiyo umeibeba hadi soko la Owino kule Kampala, katikati ya msongamano, kwenye mfuko wa nyuma. Ikiibwa, hujapoteza hati ya safari tu. Umepoteza ufunguo wa maisha yako ya kila siku. Utaanza na ripoti ya polisi wa huko na ubalozi wetu ili uweze kurudi, kisha nyumbani uanze tena ombi la kadi mpya. Mtu anayeenda mara moja kwa siku tatu anaweza kuibeba hatari hiyo. Anayevuka kila mwezi, namshauri apate kitu kingine cha kuvukia, kitambulisho kikae mahali salama.

Hati ya muda ya kusafiria

Inakofika. Ni ya nchi jirani. Inakuvusha Namanga, Taveta, Lunga Lunga na Isebania kwenda Tanzania, na pia Uganda. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kuona Arusha, Moshi, Dar es Salaam au Zanzibar bila kuingia gharama ya pasipoti, hii ndiyo njia. Nje ya Afrika Mashariki haina kazi.

Kuipata. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa, unachapisha fomu, kisha unapeleka karatasi zako kwa Idara ya Uhamiaji; kwa wengi wetu hapa hiyo ni Nyayo House. Ada yake ni sehemu ndogo tu ya ada ya pasipoti na hutoka upesi zaidi. Lakini neno "upesi" lisikufanye uiache hadi siku ya kusafiri. Desemba kila mtu anakumbuka jamaa zake wa Arusha siku moja.

Dirishani. Inagongwa muhuri kama pasipoti, na maofisa wanaifahamu. Tazama mwisho wa muda wake kabla hujanunua tikiti, maana inaisha mapema kuliko pasipoti, na watu huikuta kabatini mwaka mwingine wakidhani bado iko hai.

Watoto. Hapa ndipo inapokishinda kitambulisho kabisa. Mtoto anaweza kupata yake mwenyewe kwa cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi. Kama mzazi mmoja hasafiri, beba barua yake ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hata shangazi anayempeleka mtoto wa dadake likizo asiiache barua hiyo. Ofisa anayeuliza "huyu mtoto ni wa nani?" anafanya kazi njema, na ni afadhali tuwe na jibu mkononi kuliko kumkasirikia.

Ikipotea. Unaumia, lakini si sana. Kitambulisho chako bado kiko nawe kuthibitisha wewe ni nani, na hati yenyewe haikugharimu pesa nyingi.

Pasipoti

Inakofika. Kote ambako hizo mbili zinafika, na mbele zaidi. Ethiopia Mkenya haingii kwa kitambulisho, lakini kwa pasipoti haombi viza. Afrika Kusini, tangu Januari 2023, Mkenya mtalii huingia bila viza kwa siku hadi 90 katika mwaka. Kwa Dubai au Ulaya pasipoti ni mwanzo tu, viza inafuata. Na nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi sita kabla ya kuisha, pamoja na kurasa tupu. Pasipoti yenye miezi minne haijaisha, lakini inaweza kukurudisha nyumbani kutoka uwanja wa ndege.

Kuipata. Hapa lazima niseme wazi: ni kazi. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki Septemba 2017, ile ya samawati, na ya mtu mzima hudumu miaka 10. Unajaza eCitizen, unachagua kurasa 34, 50 au 66 (ada hupanda nazo), unachapisha fomu, unapeleka cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha na nakala ya kitambulisho cha mpendekezaji. Kisha unafika mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Jambo hilo hakuna wa kukufanyia. Kwa msafiri wa kawaida kurasa 34 zinatosha kabisa. Anayevuka kwa basi kila mwezi ahesabu: kwenda na kurudi Kigali kwa barabara kunaweza kula mihuri minane.

Majina ndiyo huwachelewesha wengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, kitambulisho kinasema vile, na mwanamke aliyeolewa amebadilisha jina kwenye kimoja tu. Rekebisha hayo kwanza. Muda nao hautabiriki. Mwaka 2023 maombi yalilundikana nchi nzima kwa miezi kwa sababu ya mitambo ya kuchapisha. Ukiwa na safari ya Agosti, anza mapema mwaka.

Dirishani. Hakuna maelezo marefu. Unatoa, unagongwa, unaendelea. Ukiwa ndani ya nchi pia inakusaidia: mapokezi ya hoteli, maduka ya kubadilisha fedha, na Tanzania mgeni husajili laini ya simu kwa pasipoti.

Watoto. Kila mmoja anahitaji yake. Kwa familia ya watoto wanne hiyo ni bajeti ya kweli, na sitamlaumu mzazi anayechagua hati za muda kwa watoto na kuziacha pasipoti hadi hapo zitakapohitajika.

Ikipotea. Ubalozi wa Kenya unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani, lakini kuipata pasipoti nyingine ni safari nyingine ya ada na maelezo. Iweke shingoni au kiunoni chini ya nguo, na nakala ya ukurasa wa picha ibaki kwa mtu wa nyumbani.

Mambo ambayo hati yoyote haikuondolei

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hii imewarudisha watu wengi walioshika pasipoti nzuri. Uganda huitaka, Tanzania huitaka kwa mtu anayetoka Kenya, na Zanzibar wako makini sana. Afrika Kusini pia. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo ukichanjwa Ijumaa na kusafiri Jumapili, kadi yako bado haijawa halali. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kama mama yako ana kadi ya mwaka 2009, asichanjwe tena, aitafute kabatini. Wajawazito, wazee na watoto wachanga wazungumze na daktari kwanza. Na ukichanjwa, chukua kadi kutoka kituo kilichoidhinishwa, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati yako. Kuna watu huuza kadi bila sindano pembeni mwa barabara. Tafadhali usinunue. Ugonjwa wenyewe unaua.

Na hapo kuna mtego wa lugha. Ukienda na gari lako, utaulizwa "kadi ya manjano", na hiyo ni nyingine kabisa: ni bima ya gari ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, inayolipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine barabarani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini bado imo katika mpango huo wa bima. Mwombe wakala wako wa bima akutolee kabla ya kuondoka, beba kitabu cha gari, na kama gari si lako, barua ya mwenyewe. Nimeona mwanaume mzima akitoa kadi ya chanjo kwa ofisa wa magari, akisisitiza kwamba ndiyo hiyo. Beba zote mbili.

Siku za kukaa usizibahatishe. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu raia wa nchi mwanachama kukaa hadi miezi sita, lakini siku zako ni zile alizoandika ofisa. Soma muhuri ukiwa bado dirishani. Umeruhusiwa kutembea, si kufanya kazi wala kuuza mitumba.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Tanzania tangu Juni 2019. Sisi tumeshazoea, lakini watu bado hufungia viatu.

Na jambo moja la kukuokolea pesa: hata ukivuka kwa pasipoti au hati ya muda, nenda pia na kitambulisho. Mbuga za Tanzania na Uganda zina kiwango cha raia wa Afrika Mashariki, cha chini sana kuliko cha wageni wengine, na langoni wanataka uthibitisho.

Sasa, kwa hali yako

Kama ni wikendi ya Kampala au harusi ya Kigali, ni watu wazima watupu, na hakuna mwingine anayekushawishi mpite Bukoba, kitambulisho kinatosha. Usichome pesa kwa haraka. Kwa ndege kwenda Entebbe au Kigali, liulize shirika kabla ya kulipa tikiti.

Kama kuna mtoto hata mmoja, acha kufikiria kitambulisho. Amueni kati ya hati ya muda na pasipoti kwa kuangalia mara ngapi mtavuka katika miaka michache ijayo.

Kama una biashara au jamaa ng'ambo na unavuka mara kwa mara, au una ndoto yoyote ya Addis Ababa, Johannesburg au mbali zaidi, anza pasipoti sasa, hata kama huna tarehe. Kijana anayetafuta kazi au masomo nje, vivyo hivyo. Nafasi ikija haitangoja alama za vidole.

Kama safari iko wiki tatu mbele na pasipoti haijaombwa, sikushauri ubahatishe. Chukua hati ya muda kwa Tanzania, au badilisha mwelekeo uende Uganda kwa kitambulisho, na pasipoti iombwe taratibu. Chanjo ipate wiki hii, si ile inayokuja.

Na kama wewe ni kama Mama Kevo, Arusha mara moja kwa mwaka na chama, kisha nyumbani, hati ya muda inakutosha kabisa. Yeye ameshachukua yake. Nimeisoma mwenyewe, nimeangalia tarehe, nimeiweka kwenye bahasha pamoja na kadi yake ya chanjo. Desemba hii hotpoti atavuka nayo mwenyewe.